Mdogo wangu si mjinga, na mwalimu wake si mbaya

Wacha nianze na kosa langu, ndio usidhani nimekuja hapa kulaumu watu.

Kwa miaka mitatu niliandika kazi ya nyumbani ya mdogo wangu. Kuanzia gredi ya nne, 2021, hadi gredi ya sita, 2023. Sikuwa namsaidia kuandika. Nilikuwa naandika mimi. Yeye ananiambia jibu, mimi naandika kwa mwandiko wa kuigiza mtoto, herufi kubwa kubwa zimelala upande. Hata nilikuwa nafuta makosa ya uongo na kifutio ndio kazi ikae yake. Mwalimu anaweka tiki, mama anafurahi, jioni inaisha bila mtu kulia.

Majibu yote yalikuwa yake, na hiyo ndiyo sehemu watu hawaamini nikiwaambia. Mimi nilikuwa kalamu tu.

Jina lake sitalitaja kwa sababu ameniambia nisilitaje. Ana miaka 15, yuko gredi ya tisa, na mwaka huu atafanya mtihani wa KJSEA. Ndiyo sababu naandika hii sasa, si mwaka ujao.

Kwanza ujue tunatoka wapi. Watu wa Nairobi wakisikia Bomet wanafikiria majani chai. Chai iko kule juu, Konoin na upande wa Kericho. Sisi wa Siongiroi, huku Chepalungu, ni mahindi na ng'ombe. Wakulima wana mtambo wao wa kupoza maziwa, na kila boma lina mtungi unaotoka alfajiri. Sasa penye maziwa pana hesabu: lita za asubuhi, lita za jioni, bei, pesa ya usafiri, chakula cha ng'ombe ulichochukua kwa deni.

Mdogo wangu ndiye kikokotoo cha majirani. Kogo akitaka kujua atalipwa ngapi haniulizi mimi niliyemaliza fomu foo. Anamuuliza yeye. Lita 11 kwa siku, siku 15, shilingi 45 kwa lita, toa 1,850 za chakula. Kabla sijafungua simu yangu amesema: 5,575. Anasema na kuendelea kukata nyasi kama hajafanya kitu.

Akiwa gredi ya saba alitengeneza kiangulio cha mayai kwa katoni, balbu, na kifaa cha kudhibiti joto alichokitoa kwa pasi iliyokufa. Aliweka sufuria ya maji chini kwa sababu, aliniambia, hewa ikikauka kifaranga kinashindwa kutoka kwa ganda. Nyuzijoto 37 na nusu, siku 21, geuza mayai kila siku, wacha kugeuza siku tatu za mwisho. Kwa mayai 30 alipata vifaranga 19. Nilimuuliza umesoma wapi hii. Akaniangalia kama nimemtukana. Hakuwa amesoma popote. Alikuwa amesikiliza redio, akauliza mama mmoja sokoni, akajaribu mara tatu.

Huyo huyo ukimpa aya moja ya Kiingereza asome kwa sauti, manze, utatamani kutoka nje. Anashika mstari na kidole na bado mstari unampotea. Herufi b inakuwa d. Neno alilolisoma juu, akilikuta chini ni kama hawajawahi kukutana. Jasho linamtoka. Na darasa linacheka.

Hiyo kitu ina jina. Inaitwa disleksia. Haihusu macho, haihusu uvivu, na haihusu akili kuwa ndogo. Ni ubongo kupata shida kuunganisha sauti za maneno na herufi zake, hivyo kusoma hakuwi jambo la haraka linalojiendea lenyewe kama kwako unayesoma hapa. Na hutembea kwa ukoo. Baba yetu, tangu nimjue, akipewa karatasi husema miwani imepotea. Baba yetu hana miwani. Nilielewa hilo nikiwa na miaka 20.

Sasa, kuna watoto wenye disleksia, na kuna watoto wenye vipawa. Hizo sentensi mbili kila mtu anazikubali. Shida inakuja ukisema ni mtoto mmoja. Huko Marekani wana jina la watoto hao, wanawaita wa kipekee mara mbili. Huku kwetu wana majina pia: mvivu, mjeuri, mtu wa mdomo, “akitaka anaweza”.

Elewa jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo hata mwalimu mzuri anateleza. Kipawa kinaficha shida. Mtoto mwerevu ambaye hawezi kusoma haketi tu akingoja kushindwa. Anakariri hadithi nzima baada ya kuisikia mara moja, halafu anajifanya anaisoma. Anasoma uso wa mwalimu kujua jibu liko wapi. Anatafuta kaka wa kumwandikia. Upande wa pili, shida inaficha kipawa, maana kila kitu anachojua kinapaswa kupita kwa kalamu, na kalamu ndiyo mlango uliofungwa. Ukijumlisha hizo mbili unapata nini? Mtoto wa katikati. Si wa mwisho, si wa kwanza. Ripoti inasema anakaribia matarajio. Na katika darasa la watoto wengi, mtoto wa katikati ndiye hakuna mtu anamwangalia.

Nimesema darasa la watoto wengi. Hebu tuingie huko, kwa sababu najua vile intaneti inapenda kumchoma mwalimu.

Darasa la mdogo wangu la shule ya msingi lilikuwa na watoto 68. Somo ni dakika 35. Gawanya mwenyewe: kila mtoto anapata karibu nusu dakika, na hapo mwalimu hajafuta ubao, hajatuliza mtu, hajasema neno la somo. Ongeza mtaala wa umilisi, ambapo mwalimu anatakiwa kumtathmini kila mtoto kwa kila kitu kidogo, kujaza jedwali, kupiga picha za kazi za watoto kwa simu yake, na kupakia alama kwa mtandao kwa bando alilonunua mwenyewe. Serikali ilipofanya elimu ya msingi kuwa bure mwaka 2003 ilitoa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka. Baadaye ikawa 1,420. Hiyo ya pili haifiki shilingi 4 kwa siku. Chapati ni bei gani kwenu?

Halafu mafunzo. Nimeongea na walimu kadhaa wa huku, wengine ni watu wa ukoo. Wengi waliniambia chuoni walipata somo moja la elimu maalum. Ndani yake wasioona, wasiosikia, ulemavu wa viungo, ulemavu wa akili. Watoto wenye shida ya kujifunza walipewa kurasa chache. Wenye vipawa walipewa kurasa chache zingine, mwisho kabisa wa notsi. Na hakuna aliyewaambia kwamba hizo kurasa mbili zinaweza kukutana kwa mtoto mmoja. Utamlaumuje mtu kwa kutoona kitu ambacho hajawahi kuambiwa kipo?

Aliyekiona alikuwa intern. Mwaka 2024 shule ya upili ya chini ilipata madam mmoja kijana wa sayansi, wale wa kulipwa shilingi 20,000 kabla ya makato. Alitoa jaribio, mdogo wangu akapata mbili kwa kumi. Kesho yake wakafanya majaribio ya joto kwa vitendo, na huyo wa mbili kwa kumi ndiye alikuwa anaelezea kundi lake kwa nini chupa nyeusi inapata moto haraka. Madam akasimama. Hakumpigia makofi. Alimwita wakati wa mapumziko, akamuuliza maswali yale yale ya jaribio kwa mdomo. Akapata tisa. Lile moja alikosa kwa sababu hakukubaliana na swali.

Fikiria hilo. Hakukuwa na mashine, hakukuwa na daktari kutoka Nairobi. Dakika nane za mapumziko na mwalimu ambaye alishuku kwamba alama ya karatasi na mtoto aliye mbele yake hawafanani.

Aliita nyumbani. Mama akaenda na mimi. Madam akasema huyu kijana ana akili kushinda karatasi zake, mpelekeni atathminiwe. Mimi nikaangalia viatu vyangu, kwa sababu nilijua kwa nini walimu waliotangulia hawakushuku. Kazi zake za nyumbani zilikuwa safi. Nilikuwa nimezisafisha mimi.

Kenya ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum tangu 1984, na chuo cha KISE pale Kasarani kimekuwa kikifunza walimu wa elimu maalum tangu 1986. Kwa hivyo si kweli kwamba hakuna kitu. Kitu kipo, ila kimewekwa mbali na mtoto, na kimetengenezwa kutafuta aina fulani ya mtoto. Sisi tulipanda boda, tukapanda matatu, mama akaacha kukamua mapema. Kituo sitakitaja. Walimpima macho, sawa. Masikio, sawa. Wakampa aya asome, na hapo kila kitu kikaharibika. Karatasi ikarudi imeandikwa kwamba ni mzito wa kujifunza, na kwamba familia ifikirie kitengo maalum. Hakuna mtu aliyemuuliza hesabu ya maziwa. Hakuna aliyeuliza kiangulio. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika hayo.

Mama alilia kwa matatu. Mdogo wangu aliniuliza swali moja tu: “Mzito ni kusema nini?” Nikamwambia ni maneno ya ofisi. Hakunijibu. Tangu siku hiyo alianza kusema akimaliza gredi ya tisa atanunua boda.

Kinachoniudhi ni kwamba kwenye karatasi za nchi, huyu mtoto yupo. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizo pamoja na wengine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapoongea juu ya elimu maalum inawataja pia wanafunzi wenye vipawa na vipaji maalum. Mtaala wenyewe unaahidi kukuza uwezo wa kila mwanafunzi. Lakini sheria imewaweka kwenye orodha moja, na sisi tumeelewa ni foleni mbili. Wenye vipawa huku, wenye ulemavu kule. Na Mkenya alifundishwa kwa miongo kwamba kipawa ni alama. Mtoto wa 400 kwenye KCPE ndiye alikuwa genius wa kijiji, alibebwa juu juu. KCPE tuliizika 2023. Kichwa cha KCPE bado tunacho.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wa huku tunapaswa kuliongea, na ni lugha. Mdogo wangu akisoma Kiswahili anasoma polepole lakini anafika. Ba be bi bo bu, herufi inasema kile inachosema. Akiingia Kiingereza anaanguka, kwa sababu herufi zile zile zinabadilisha sauti kila neno, na Kiingereza ndicho lugha ya sayansi, ya hesabu, ya karibu kila mtihani. Kipsigis chetu nacho kina sauti za irabu mara mbili ya zile herufi tano tunazoandikia, kwa hivyo msomaji lazima akisie. Sasa mtoto mwenye disleksia anajifunza mifumo mitatu ya kusoma kwa wakati mmoja, na mwalimu hawezi kujua mara moja kama anachokiona ni ulemavu au ni mtoto ambaye nyumbani haongei Kiingereza. Hiyo si kazi rahisi hata kwa mtaalamu. Tumempa mwalimu wa darasa afanye peke yake, kati ya kengele na kengele.

Najua kuna mtu ashaanza kusema: huo ni upendeleo. Kama anasomewa maswali, si wengine pia wasomewe? Kaka, dada, sikia. Ukinisomea swali la hesabu kwa sauti, bado sijui jibu lake. Mtihani wa hesabu unapima hesabu. Pale kwenye maziwa wanapima kwa kifaa kama umeongeza maji. Hakuna anayekataa maziwa yako kwa sababu mtungi una doa la kutu nje. Sisi shuleni tunapima mtungi.

Na kuna mwingine atasema Richard Branson alikuwa na disleksia na ni bilionea, kwa hivyo tulia. Huyo Branson alizaliwa kwa familia iliyokuwa na uwezo, Uingereza. Usimpe kijana wa Siongiroi hadithi ya bilionea mahali ambapo anahitaji mtu wa kumsomea swali la tatu.

Basi nataka nini? Vitu vinne, na hakuna hata kimoja cha ajabu.

Moja, tathmini ije kwa mtoto. Waganga wa ng'ombe wanafika kwenye boma langu. Mtu wa kutathmini watoto anaweza kufika shuleni angalau mara moja kwa muhula, na akija apime pia kile mtoto anaweza, si kile tu anashindwa.

Mbili, kila shule iwe na mwalimu mmoja aliyesomea haya vizuri, ambaye wenzake wanaweza kumuuliza, na apunguziwe vipindi kwa sababu ya kazi hiyo. Kumwongezea mwalimu jukumu bila kumpunguzia mzigo ni kumdanganya.

Tatu, mtoto aruhusiwe kujibu kwa mdomo, kwa mchoro, kwa kitu alichotengeneza. Mtaala tayari unakubali hayo kwenye maneno. Walimu wanaogopa kwa sababu mkaguzi akija anataka kuona daftari.

Nne ni yetu sisi, ndugu wakubwa. Acha kuandika. Najua unafanya kwa upendo, mimi pia. Lakini kila ukurasa niliouandika ulimwambia mwalimu kwamba kila kitu kiko sawa. Kama unataka kumsaidia, msomee swali, yeye ajibu, na juu ya ukurasa andika: majibu ni yake, mwandiko ni wangu. Mwalimu akiona hayo ana kitu cha kuanzia.

Yule madam wa sayansi aliajiriwa kabisa mwanzo wa 2025, akapelekwa kaunti nyingine. Nilifurahi kwa ajili yake na nikakasirika kwa ajili yetu. Alichokijua juu ya mdogo wangu hakikuandikwa popote, kwa hivyo kiliondoka naye. Mfumo unaotegemea bahati ya kupata mwalimu mmoja mwenye macho si mfumo.

Na saa haisimami. Kuingia gredi ya kumi, KPSEA ya gredi ya sita inahesabiwa asilimia 20, tathmini za shuleni asilimia 20, na KJSEA asilimia 60. Ile 20 ya kwanza alishaipoteza akiwa na miaka 12, na mimi nikijua. Zimebaki 60. Baraza la mitihani huwapa watahiniwa wenye ulemavu muda wa ziada, lakini lazima shule iseme mapema, na iwe na karatasi ya tathmini mkononi. Karatasi tuliyo nayo ni ile ya “mzito”. Kwa hivyo tunarudi. Safari hii nimebeba video za kiangulio, na kogo amesema atakuja mwenyewe kuwaeleza hesabu ya maziwa.

Mwezi uliopita nilienda kwa mwalimu wake wa darasa wa sasa. Nikamwambia ukweli wote, kuanzia 2021. Nilitegemea akasirike. Alinyamaza kidogo halafu akasema, “Mbona hamkuniambia?” Akafungua droo, akanionyesha rundo la madaftari ya kusahihisha, akasema mimi sina masaa, lakini nipe wazo moja ninaloweza kufanya Ijumaa. Nikamwambia asome maswali ya jaribio kwa sauti, kwa yeyote anayetaka kusomewa.

Ijumaa alitangaza: anayetaka kusomewa aje dawati la mbele. Alikuwa anangoja mtoto mmoja.

Walikuja saba.